Mtomatilo Mmoja Hauzai

Shangazi aliinua tawi la mtomatilo wangu, akalichungulia kwa chini, kisha akaliachia taratibu. Tawi lilikuwa limejaa maua ya njano, na nyuki walikuwa wanaingia na kutoka bila kujali kwamba tumesimama pale. Chini, juu ya nyasi kavu nilizotandaza kuhifadhi unyevu, yalikuwa yamelala maua mengine mengi, yamenyauka pamoja na vikonyo vyake.

"Huu umeupanda lini, mwanangu?"

"Unakwenda mwezi wa nne, Shangazi."

"Na hujachuma kitu?"

"Sijachuma hata kimoja."

Akauzunguka mara moja. "Basi huu dume. Mpapai dume nao huchanua hivihivi, ukakushibisha macho tu. Ng'oa, upande mwingine."

Sikuung'oa, na baadaye nilikuja kujua kwamba mtomatilo hauna dume wala jike. Lakini Shangazi ndiye aliyenielekeza penyewe. Mpaka siku ile nilikuwa nimelaumu udongo, nikalaumu maji, nikalaumu jua. Nimeongeza samadi, nimeacha samadi. Halikunijia kabisa wazo la kuyatazama maua yenyewe na kujiuliza kama yanapata mwenzi.

Kwa asiyeujua mmea huu: tomatilo ni jamaa ya nyanya, pilipili, biringanya na viazi mviringo. Wataalamu wanauita Physalis philadelphica, na asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ambako watu wameula tangu zamani sana kabla meli za Wahispania hazijafika. Neno tomatl la lugha ya Kinahuatl ndilo lililozaa majina ya nyanya katika lugha nyingi za Ulaya, na hadi leo katikati ya Meksiko tomate ni hili tunda la kijani, ilhali nyanya nyekundu inaitwa jitomate. Tunda ni la mviringo, laini kwa nje, na halikui likiwa wazi kama nyanya. Linakua ndani ya ganda jembamba lililoning'inia mfano wa kandili. Hilo kandili ndilo lililonivuta. Niliona picha yake mara moja tu, nikatamani kulishika.

Nikapata pakiti ndogo ya mbegu. Ni ndogo kuliko za nyanya, bapa, rangi ya majani makavu, na hazina yale manyoya membamba unayoyahisi kwenye mbegu ya nyanya. Niliziatika kwenye trei niliyojaza udongo wa bustani, udongo mzito wa mfinyanzi, nikazifukia kina cha nusu sentimita, nikafunika trei kwa nailoni na kuiweka penye joto. Mbegu hizi zinapenda udongo wenye joto la kati ya nyuzi 21 na 27 za Selsiasi. Penye joto hilo huota ndani ya wiki moja hadi mbili. Zangu ziliota siku ya nane. Nilihesabu miche 19, na nikaihesabu tena jioni kwa furaha.

Furaha ile ndiyo iliyoiua. Nilimwagilia asubuhi, nikamwagilia jioni, na nailoni sikuitoa kwa kuogopa miche isipate baridi. Siku ya nne baada ya kuota nilikuta mche mmoja umelala. Niliuinua kwa ncha ya kidole, nikaona shina pale linapogusana na udongo limesinyaa, jembamba kama uzi, lina rangi ya maji ya chai. Juu ya hapo majani yalikuwa bado ya kijani kabisa. Kesho yake ilikuwa imelala sita. Huo ni ugonjwa wa kinyausi, unaoletwa na vimelea vya ukungu vinavyokaa udongoni na kushamiri kwenye maji mengi na hewa iliyofungiwa. Mche ukishashikwa haurudi. Wiki haikuisha, nikabaki na mche mmoja, ule wa pembeni kabisa, penye tundu la kutolea maji, ambapo udongo ulikuwa unakauka upesi kuliko kwingine.

Nilipaswa kusoma ujumbe uliokuwa pale pembeni mwa trei, lakini wakati ule nilichokiona ni kwamba angalau mmoja umepona. Nikaupenda mche ule kuliko kawaida. Ulipofikia urefu wa sentimita 15 nilianza kuuzoesha nje, saa moja siku ya kwanza, saa mbili siku ya pili, hivyo hivyo kwa wiki nzima, ndipo nikauhamishia bustanini. Nilichimba shimo refu, nikauzika mpaka karibu na majani ya juu, maana shina la mtomatilo, kama la mnyanya, likifukiwa hutoa mizizi pale lilipofukiwa. Nikauzungushia kikaratasi kigumu shinani, nusu juu ya ardhi na nusu chini, kuzuia sota. Yule mdudu hula usiku, hukata mche mbichi usawa wa ardhi, na asubuhi unakuta kazi ya wiki sita imelala kando ya shina lake.

Mche uliitika. Baada ya miezi miwili ulikuwa unanifika kiunoni, na upana wake ulikuwa mkubwa kuliko urefu. Mtomatilo haukui kwa adabu ya kwenda juu. Unatambaa, unajigawa mara mbili kila kifundo, unalalia jirani zake. Matawi yake ni mepesi kukatika pale yanapogawanyika, na upepo mmoja ulinipasulia tawi zima katikati kwa sababu nilichelewa kuusimikia vijiti. Tangu hapo nasimika vijiti siku ileile ya kupandikiza, mche ukiwa bado kidole, ili nisije kuchoma mizizi baadaye.

Na ukachanua. Ua la tomatilo linastahili kutazamwa kwa karibu. Ni dogo kuliko sarafu, la njano iliyopauka, na ndani kabisa, karibu na koo lake, kuna madoa matano ya kahawia iliyoiva, kama mtu aliyegusa karatasi na kidole chenye wino. Linatazama chini. Kila kifundo kilikuwa na moja, na asubuhi mmea wote ulikuwa unavuma nyuki. Nilingoja. Baada ya siku tatu au nne ua linasinyaa, kikonyo chake kinageuka njano pale kinapoungana na tawi, na ukikigusa kinadondoka. Ikawa hivyo siku baada ya siku.

Kila ua la mtomatilo lina sehemu ya kiume na ya kike. Chavua ipo na iko hai. Lakini chavua ya mmea ikitua kwenye ua la mmea uleule, ua huitambua kwamba ni ya kwao na kuikatalia isifike kunakotungwa mbegu. Pasipo mbegu hapana tunda, na ua lisilo na kazi mmea huliachia. Mnyanya hauko hivyo. Mmoja peke yake unajichavusha na kuzaa. Mimi niliulea mtomatilo kama mnyanya, na kwa kila kitu kingine nilikuwa sahihi, isipokuwa hicho kimoja. Unahitaji mimea miwili iliyotoka kwenye mbegu mbili tofauti, ichanue wakati mmoja, na wadudu wa kubeba chavua huku na huku. Ile milio ya nyuki iliyokuwa ikinifariji asubuhi ilikuwa ya nyuki wanaohamisha chavua ya mmea mmoja kutoka tawi hili kwenda tawi lile.

Nilipojua hilo nilidhani nimepata dawa. Nikakata vipandikizi vitatu kutoka mmea wangu, nikavitia kwenye maji, na vikatoa mizizi myeupe ndani ya wiki mbili. Nikavipanda mstari mmoja na mama yao. Vilikua upesi, vikachanua, na maua yao yakaanguka vilevile. Hapo ndipo nilipoelewa kwa kweli, si kwa kusoma. Kipandikizi si mtoto wa mmea, ni mmea wenyewe umesimama mahali pengine. Damu ni ileile. Hata ningepanda vipandikizi 100 na kujaza bustani, kwa hesabu ya maua kungekuwa na mmea mmoja tu.

Niseme pia kwamba si kila ua linaloanguka lina shida hii. Joto kali mno huangusha maua, ukame huangusha maua, na mbolea yenye naitrojeni nyingi hukupa msitu wa majani badala ya matunda. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu, hesabu mimea yako kwanza. Ikiwa ni mmoja, usihangaike na mengine.

Msimu wa pili nilianza upya nikiwa na mbegu zilizobaki kwenye pakiti ileile. Zilikuwa zimekaa karibu mwaka na zote, isipokuwa chache, ziliota. Mbegu hizi zikikaa pakavu na penye ubaridi hudumu miaka kadhaa. Safari hii sikugusa udongo wa bustani. Nilichanganya mboji iliyochekechwa na mchanga, nikaosha trei kwa sabuni, nikatoboa matundu mengi chini. Maji nilitia kwenye sinia, nikaikalisha trei humo mpaka udongo ukanyonya wenyewe, nikaitoa. Sikumwagilia tena mpaka uso wa udongo upauke. Nailoni niliitoa siku ileile nilipoona shingo ya kwanza imejikunja kutoka ardhini. Kwa anayeishi penye majira ya baridi kali, kazi hii hufanyika ndani ya nyumba wiki 6 hadi 8 kabla ya umande wa barafu kwisha, maana barafu moja tu inaua mmea huu. Penye joto mwaka mzima, tatizo ni mvua za mfululizo wakati wa kitalu.

Sikupoteza mche hata mmoja. Nilichagua minne iliyo na shina nene, nikaipanda kwa umbali wa sentimita 90 kutoka mmoja hadi mwingine, pembe nne za mraba, ili nyuki akitoka kwa mmoja asisafiri mbali kumfikia wa pili. Niliona umbali huo ni mkubwa mno siku ya kupanda. Baada ya miezi miwili matawi yalikuwa yanashikana, na sikuwa na pa kupitisha mguu. Sehemu niliyochagua haikuwa na nyanya wala viazi msimu uliotangulia, kwa sababu jamaa hawa wanaachiana magonjwa udongoni. Vidukari walikuja, wakajikusanya chini ya majani machanga. Niliwaosha kwa maji yenye nguvu asubuhi tatu mfululizo, wakapungua, na wadudu kobe wakamaliza waliobaki. Sikupuliza sumu. Maua yalikuwa yanategemea nyuki, na sumu haichagui.

Siku moja jioni nilikuwa naondoa majani ya chini yaliyogusa ardhi. Niliona ua lililonyauka, nikaligusa kama nilivyozoea, likatoka. Lakini kikonyo kilibaki. Kilikuwa kigumu, cha kijani, na lile kombe dogo lililokuwa linashika ua lilikuwa limefumba mdomo. Nikaenda kwenye kifundo cha pili, vilevile. Cha tatu, vilevile. Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi kavu.

Kombe lile ndilo linalogeuka kuwa kandili. Kila asubuhi nilikuwa naenda kulitazama. Linavimba lenyewe kwanza, upesi kuliko tunda, hata ukaweza kudhani ndani hakuna kitu. Lina mishipa iliyosimama toka juu mpaka chini, na katikati ya mishipa ngozi nyembamba yenye rangi ya zambarau kidogo. Niligundua kwamba ukilishika dhidi ya jua la asubuhi unaona kivuli cha tunda ndani, kidogo kama punje ya dengu, kimening'inia juu katika chumba kikubwa. Wiki inayofuata kivuli ni kama gololi. Wengi wanakata tamaa wakati huu kwa sababu wanabinya kandili na kukuta hewa. Ikiwa kikonyo ni kigumu na cha kijani, acha. Tunda liko njiani.

Nilichuma la kwanza siku ya 71 baada ya kuhamisha miche. Dalili ya kukomaa ni moja ninayoiamini: tunda limejaza kandili, ukilibinya huhisi nafasi, na mara nyingi ganda limeanza kupasuka kwa chini. Rangi ya tunda inabaki kijani. Ukingoja ligeuke njano, kama unavyongoja nyanya iive, utapata tunda tamu kidogo lakini lililopoteza ule uchachu wake, na uchachu ndio sababu ya kulipanda. Mengine yalidondoka yenyewe yakiwa ndani ya maganda, na hayo yalikuwa mazuri kabisa, safi kana kwamba yamefungwa kwa mkono. Nilikuwa nayaokota asubuhi kabla ya mchwa.

Ukimenya ganda, vidole vinanata. Tunda lina utando kama gundi nyepesi, na ni kinga yake dhidi ya wadudu; si dalili ya kuharibika. Maji ya vuguvugu yanautoa. Nilikata la kwanza katikati kwa kisu. Ndani si majimaji kama nyanya, ni nyama nyeupe ya kijani iliyoshikana, na mbegu zimetapakaa mote. Nililila bichi nikiwa nimesimama. Chachu, kali, na nyuma yake utamu mdogo unaochelewa. Likichomwa kidogo motoni hulainika na ukali unapungua. Kinacholiwa ni tunda lililokomaa peke yake. Majani, mashina na hata lile kandili lina sumu, na nilihakikisha watoto wa nyumbani wanalijua hilo kabla ya msimu wa kuchuma. Matunda yakibaki ndani ya maganda yake hukaa kwenye friji wiki mbili na zaidi. Mengine niliyamenya, nikayaosha, nikayagandisha mazima.

Mmea mmoja kati ya ile minne ulinipa zaidi ya matunda 100. Sikuwa tayari kwa wingi huo. Nilitoa kwa majirani, nikagandisha, nikatoa tena, na bado asubuhi kulikuwa na mengine chini.

Yale niliyoshindwa kuyaokota mwisho wa msimu yalinifundisha kitu kingine. Nilikuta chini ya matawi ganda ambalo ngozi yake yote ilikuwa imeoza, imebaki mishipa tu, wavu mwembamba wa rangi ya mchanga, na ndani ya wavu tunda limekauka likiwa bado limefungwa. Nimelihifadhi. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba huko Patagonia, Argentina, wamepata mabaki ya jamaa ya mmea huu yaliyogeuka jiwe, yenye umri wa miaka milioni 52, na kilichohifadhiwa ni hili hili: kandili pamoja na mishipa yake. Nilipoona picha ya jiwe lile nilienda kuchukua ganda langu, nikaviweka pamoja. Mishipa inagawanyika vilevile. Sijui kama kuna kitu kingine bustanini kwangu kilichonifanya ninyamaze kwa muda mrefu hivyo.

Mbegu nazitunza hivi. Naacha matunda machache, kutoka mimea isiyopungua miwili, mpaka yawe njano na yaanguke. Nayaponda kwa mkono ndani ya bakuli la maji, nakoroga, naacha yatulie. Mbegu nzima zinazama. Nyama na mbegu tupu zinaelea, namwaga. Narudia mara tatu nne mpaka maji yawe maangavu, kisha naanika mbegu kwenye sahani kivulini siku kadhaa. Lakini ujue kwamba kwa kuwa mimea hii lazima ichanganye chavua, ukipanda aina ya zambarau karibu na ya kijani, watoto watakuwa mchanganyiko. Mimi nimeipenda ile michanganyiko. Anayetaka aina moja safi apande aina moja tu kwa msimu.

Na hata usipotunza mbegu, ardhi itakutunzia. Msimu wa tatu, mvua ya kwanza iliponyesha, pale palipokuwa na mimea minne paliota maotea mengi kama mboga iliyomwagwa. Niliyapunguza kwa kuyang'oa, nikabakiza machache mbali mbali, na mengine nikayatia kwenye vikopo.

Shangazi alipokuja safari hiyo nilimpeleka moja kwa moja penye mimea yenye matunda. Akainua tawi kama alivyofanya mara ya kwanza. Akabinya kandili moja, akalisikia limejaa.

"Kumbe ule haukuwa dume," akasema.

"Haukuwa dume, Shangazi. Ulikuwa peke yake."

Alipokuwa anaondoka aliomba mche mmoja akapande uani kwake. Nikamfungia mitatu.